Tangi dogo la matumbawe magumu Kampala: chumvi, maji, umeme na vibali

Mkazi_wa_Ntinda aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Nimefuga samaki wa maji baridi kwa muda mrefu, hasa nkejje wa Ziwa Viktoria, na sasa nataka kuanzisha tangi dogo la maji chumvi kwa ajili ya matumbawe magumu, yaani yale yanayojijengea mifupa ya chokaa na kufanya miamba baharini. Kioo nilicho nacho kina urefu wa sentimita 90, upana wa 40 na kimo cha 35. Kikijaa pomoni huchukua lita 126, ingawa nakadiria kwamba nikishaweka mawe nitabaki na maji ya lita 100 hivi.

Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Chumvi ya kutengenezea maji ya bahari inayoagizwa kutoka nje ni ghali, na rafiki yangu wa Kasese ananiambia kwamba chumvi ya Katwe ni ya asili, haijachanganywa na chochote, je, inafaa? Maji ya bomba hapa kwangu huingia kwanza kwenye tangi la plastiki lililo juu ya paa, nami kwa samaki wangu wa sasa huyaacha kwenye ndoo usiku kucha ili klorini iishe. Je, utaratibu huo unatosha kwa matumbawe? Shemeji yangu anaishi Tororo, ambako mawe ya chokaa ni mengi, na ameahidi kunipatia gunia moja. Umeme wa mtaa wetu haukatiki kila siku, lakini ukikatika jioni unaweza kurudi asubuhi. Hatimaye, matumbawe yenyewe huingizwaje nchini bila kuvunja sheria?

Maji_Makuu, Entebbe, alijibu:

Ndugu, karibu. Nianze na chumvi, kwa sababu hapo ndipo sisi wa bara tunapopenda kubana matumizi, na ndipo pasipobanika. Maji ya bahari si maji yaliyotiwa chumvi ya mezani. Kila lita ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na miongoni mwake mna kalsiamu ipatayo miligramu 410 na magnesiamu ipatayo miligramu 1,290. Uwiano huo ndio tumbawe gumu linaoutegemea linapojenga mfupa wake. Katwe ni ziwa la kreta lisilo na mto unaotoka, na maji yake yamejaa kaboneti na salfeti. Kaboneti ikizidi majini, kalsiamu hugeuka chokaa na kuzama, kwa hiyo inayobaki ni haba mno. Chumvi hiyo inawafaa ng'ombe, na mapishini imetumika tangu zamani, lakini ukiitia katika tangi utapata maji ambayo kipimo cha uchumvi kitayasifu ilhali tumbawe halioni ndani yake kitu cha kujengea.

Nunua, basi, chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya matumbawe. Kwa lita 100 utahitaji kama kilo 3.8, si 3.5, kwa sababu chumvi hiyo hubeba maji ndani ya chembe zake. Ichanganye kwenye pipa safi la plastiki huku pampu ikizungusha maji, kamwe si ndani ya tangi lenye viumbe, kisha upime kwa refraktomita, yaani kifaa kinachosoma uchumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini. Isahihishe kwa kimiminika maalumu cha uchumvi wa gramu 35 kwa elfu. Refraktomita iliyosahihishwa kwa maji yasiyo na chumvi peke yake inaweza kuonyesha sifuri bila kasoro na bado ikakosea kule juu, ambako ndiko tunakofanyia kazi.

Kuhusu maji ya bomba, kuyalaza usiku kucha huondoa klorini na si zaidi ya hapo. Fosfeti, naitreti, silika na shaba iliyotoka kwenye viungio vya mabomba hubaki pale pale, na kila siku unapojazia maji yaliyopotea kwa mvuke unaongeza kidogo, kwani mvuke huondoka na maji matupu. Shaba hasa ni sumu kwa viumbe wasio na uti wa mgongo hata ikiwa kiasi ambacho nkejje wako hawatakihisi. Unahitaji mtambo wa kuchuja kwa utando wa osmosisi unaofuatiwa na rezini, yaani chembe zinazonasa chumvi zilizosalia, na kipimo cha chumvi zilizoyeyuka kisome 0 pale maji yanapotokea.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo maelekezo ya mtambo hayasemi. Utando huo hufanya kazi vizuri kwa shinikizo la baa 3 hadi 4, lakini maji yanayoshuka kutoka tangi la juu ya paa hupata baa 1 kwa kila mita 10 za kimo, na nyumba ya kawaida haifiki hata hapo. Ukiunga mtambo kwenye bomba hilo utaona matone tu, na mengi yatapita upande wa kumwagwa. Ama uunge kwenye bomba linalotoka barabarani kabla ya kupanda juu, ama ununue pampu ndogo ya kuongeza shinikizo. Maji yanayomwagwa, ambayo huwa lita 3 au 4 kwa kila lita safi, yakusanye kwenye jerikani. Yanafaa kwa kufulia na kumwagilia migomba. Wapo wanaopenda kutumia maji ya mvua, nami siwakatazi, ila mvua iliyopita kwenye mabati hubeba zinki, kwa hiyo nayo lazima ipite kwenye rezini.

Mawe ya Tororo yaache. Chokaa ya huko haikutokana na bahari. Ni mabaki ya volkano za kale, na vilima vya Sukulu vilivyo jirani vinajulikana kwa fosfeti yake ya kutengenezea mbolea. Hiyo fosfeti ndiyo tunayojitahidi kuishikilia kati ya miligramu 0.03 na 0.1 kwa lita, kwa sababu ikizidi mwani hutawala na tumbawe hushindwa kujenga mfupa vizuri. Sioni sababu ya kuleta gunia zima la mashaka. Tafuta kilo 10 hivi za mawe makavu yenye vitundu vingi ya aragoniti, yaani chokaa ya aina ile ile ya mfupa wa tumbawe. Mchanga wa Lwera ni wa silika, mzuri kwa ujenzi na hauna faida kwa tumbawe. Ukitaka mchanga, uwe wa aragoniti, la sivyo acha sakafu ya kioo tupu.

Hatua ya kuwatayarisha bakteria wanaoondoa amonia ya uchafu unaifahamu tayari kutoka kwenye maji baridi. Tia amonia hadi miligramu 2 kwa lita, usiweke samaki, na usubiri hadi amonia na naitraiti zote zisome sifuri, jambo ambalo kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6.

Mzee_wa_Sola, Jinja, alijibu:

Maji_Makuu amesema vema. Mimi niongeze juu ya joto na umeme, kwa kuwa mitambo ya sola ndiyo kazi yangu.

Maandishi mengi kuhusu matangi haya huhimiza ununue mashine ya kupoza maji. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam huenda akaihitaji. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku joto hushuka hadi nyuzi 17 au 18, kwa hiyo tatizo lako litakuwa kupasha joto, si kupoza. Shikilia nyuzi 25 hadi 26. Badala ya hita moja ya wati 150, nunua mbili za wati 75 na uziunge kwenye kidhibiti joto cha pembeni, ili moja ikikwama katika hali ya kuwaka isiweze peke yake kuyachemsha maji. Mchana wa jua kali, feni ndogo inayopuliza juu ya maji inatosha, mradi ukumbuke kwamba itaongeza mvuke.

Mwinuko huo una athari nyingine ambayo sijaona ikitajwa mara nyingi. Shinikizo la hewa hapa kwetu ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane likilinganishwa na pwani, na oksijeni ambayo maji yanaweza kushika hupungua kwa kiwango hicho hicho. Maji ya chumvi yenye joto hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi tangu mwanzo. Kwa hiyo uso wa maji lazima utikisike muda wote, na mashine ya kukamua uchafu kwa povu, ambayo wengine wangekuambia uiache kwa tangi dogo, mimi ningeiweka hata kama kazi yake kubwa itakuwa kuingiza hewa.

Sasa umeme ukikatika. Taa zikizimika kwa usiku mmoja tumbawe halidhuriki, na joto likishuka polepole hadi nyuzi 21 halitakufa. Kinachoua ni maji kusimama, kwani gizani kila kiumbe kilicho humo hutumia oksijeni na hakuna kinachoizalisha. Chagua tangu mwanzo pampu ya mkondo inayotumia umeme wa volti 12 au 24, kisha uwe na betri ya sola ya volti 12 yenye ampea-saa 100. Ukitumia nusu ya betri hiyo, ambayo ndiyo salama kwa betri ya risasi, una wati-saa 600. Pampu ya wati 10 itazunguka siku mbili bila wasiwasi. Usithubutu kuunga hita hapo, maana wati 150 zitaimaliza akiba hiyo kwa saa 4. Lifunike tangi kwa blanketi pande zote na uache uso wazi.

Umeme unaporudi ndipo vifaa huungua, kwa hiyo weka kile kifaa cha kulinda friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme. Ukiagiza vifaa kutoka Marekani, hakikisha si vya volti 110. Vilevile kila waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, kwa sababu maji ya chumvi hutambaa juu ya waya. Utaona kwanza ukoko mweupe karibu na plagi, na ukiupuuza, mguso wa plagi utakuwa wa kijani kwa kutu ya shaba.

Mwalimu_wa_Bailojia, Mbale, alijibu:

Naomba nitofautiane kidogo na fikra kwamba fosfeti na naitreti ni adui. Ndani ya tishu za tumbawe huishi mwani wa chembe moja ambao hulilisha kwa sukari inayotokana na mwanga, na mwani huo nao unahitaji naitrojeni na fosforasi. Tangi jipya lenye mawe makavu, ambalo mwenyewe amelichuja hadi vipimo vyote vikasoma sifuri, ndilo ambalo mara nyingi huvamiwa na dinoflagelati, ule utelezi wa kahawia wenye viputo ambao hupungua usiku na kurudi mchana. Naitreti kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita ni sawa kabisa. Sifuri si heshima.

Katika kuchagua matumbawe, nakusihi usianze na tumbawe la Acropora. Uzuri wake hauna ubishi, lakini halivumilii tangi ambalo bado linayumba. Anza na yale yenye polipi kubwa (polipi ni kile kiumbe chenye kinywa kinachojenga tumbawe), kama Caulastrea na Duncanopsammia, kisha Montipora ya bamba miezi kadhaa baadaye. Caulastrea ina faida ya kukufundisha kutazama. Taa zikizimika, subiri nusu saa, kisha mulika kwa tochi yenye mwanga mwekundu. Utaona pembeni mwa kila kinywa mikono mifupi yenye ncha nyeupe imejitokeza. Ukiiangushia kipande cha uduvi kisichozidi punje ya mchele, mikono hufunga, na kinywa hufunguka polepole kukipokea. Lishe mara moja au mbili kwa wiki. Tumbawe ambalo kwa siku kadhaa halitoi mikono usiku lina jambo, hata kama rangi yake ya mchana inapendeza.

Tazama pia chini ya kila kichwa, pale tishu inapokutana na mfupa. Tishu ikianza kurudi nyuma na mfupa mweupe mtupu ukaonekana, pima alikaliniti (akiba ya kaboneti majini) siku hiyo hiyo kabla ya kugusa taa au kuhamisha kitu. Kila tumbawe jipya lichovye kwanza katika dawa ya kuondolea vimelea, ukague na upande wa chini, maana konokono uchi wanaokula Montipora ni wadogo na mayai yao hayaoshwi na dawa.

Mwanga usiwe wa dirishani. Jua letu hapa karibu na ikweta litakupa joto na mwani wa kijani kabla ya kukupa kitu kingine. Taa za LED zenye buluu nyingi, saa 8 hadi 10 kwa siku, zikianzia theluthi ya nguvu yake na kupandishwa kidogo kidogo kwa mwezi mzima, zinatosha. Mkondo wa maji uwe wa kubadilikabadilika, usiopiga mahali pamoja. Acha sentimita 15 kati ya jirani na jirani, na Galaxea, lililo jingi katika miamba ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, usilinunue kabisa kwa tangi hili, kwani usiku hurusha mikono mirefu inayochoma kila kilicho karibu.

Samaki wawe wachache: amfiprioni (wale wanaoitwa clownfish) wawili na mmoja mdogo wa sakafuni.

Wakala_wa_Mizigo, Kampala, alijibu:

Nijibu swali la sheria peke yake. Matumbawe magumu yote, bila kubagua spishi, yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1991. Maana yake ni kwamba shehena haiwezi kutoka katika nchi yoyote mwanachama bila kibali cha kusafirishia nje kilichotolewa na mamlaka ya nchi hiyo, na hata vipande vilivyokuzwa katika mashamba ya matumbawe vinahitaji karatasi hizo. Hapa kwetu anza na Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale, na kwa samaki walio hai uulize Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi iliyoko Entebbe. Uliza kabla ya kulipa, si baada ya boksi kutua uwanjani, kwa sababu kiumbe aliye ndani ya mfuko wa maji hasubiri faili lizunguke ofisini.

Mtu akikuambia atakuletea kwa basi kutoka Mombasa kipande alichokivunja mwenyewe, mkatalie. Katika hifadhi za bahari za Kenya kama Malindi, Watamu na Kisite hakuna ruhusa ya kuondoa chochote, na huko mpakani wewe ndiye utakayebaki na mfuko mkononi. Muuzaji halali atakupa nakala ya kibali yenye jina la kisayansi la kila tumbawe. Linganisha majina hayo na yaliyomo kwenye mifuko.

Mkazi_wa_Ntinda aliandika:

Nawashukuru sana, Mzee, Mwalimu na ndugu zangu wengine. Mawe ya Tororo nimemwambia shemeji ayaache huko huko, na suala la vibali sasa ni wazi. Limebaki jambo moja. Mwalimu ametaja kupima alikaliniti, na mahali pengine nimesoma kwamba lazima ninunue mashine ya kudondosha dawa yenye chupa tatu au nne. Tuseme matumbawe yangu yanatumia nusu digrii ya dKH, kipimo cha alikaliniti, kwa siku katika lita 100. Je, nitairudisha kwa kitu gani, na kwa kiasi gani?

Maji_Makuu, Entebbe, alijibu:

Kwa tangi la ukubwa huo mashine si lazima, lakini hesabu ni lazima. Alikaliniti ni akiba ya kaboneti na bikaboneti iliyomo majini. Tumbawe huichota pamoja na kalsiamu kwa uwiano usiobadilika, ambapo kila digrii 2.8 za dKH huondoka na miligramu 20 za kalsiamu kwa lita. Kwa sababu akiba ya kalsiamu ni kubwa na ya alikaliniti ni ndogo, alikaliniti ndiyo itakayokuonyesha upungufu mapema. Chagua kiwango kimoja, mimi ningesema 8, na ukishikilie. Tangi linalokaa 7.5 mwaka mzima huwa na afya kuliko linaloruka kati ya 8 na 10 kila wiki.

Nusu digrii katika lita 100 hurudishwa na gramu 1.5 za bikaboneti ya sodiamu. Ni ile ile inayouzwa madukani kwa wapishi, ila soma pakiti kwa makini: ile hamira ya unga ya kuokea keki imechanganywa na asidi na wanga, na haifai. Kalsiamu inayolingana nayo ni gramu 1.3 za kloridi ya kalsiamu yenye maji. Yeyusha kila moja katika chombo chake na uzitie kwa nyakati tofauti, kwa sababu zikikutana zikiwa kali hugeuka chokaa mbele ya macho yako. Mizani ya vito inayopima sehemu ya gramu haina gharama kubwa.

Hata hivyo, kwa tangi lako mimi ningependelea maji ya chokaa, yaani haidroksidi ya kalsiamu iliyoyeyushwa katika maji safi, kwa kuwa hubeba alikaliniti na kalsiamu kwa uwiano ule ule ambao tumbawe hutumia. Lita moja iliyoshiba huchukua kama gramu 1.7. Mahitaji uliyoyataja ya siku nzima ni gramu 0.66 tu, na kiasi hicho kinaingia chote katika lita moja ya maji ambayo ungejazia kufidia mvuke. Yadondoshe polepole usiku, wakati pH ya tangi iko chini, kwa sababu maji hayo yana pH inayozidi 12 na yakimiminwa kwa mkupuo yatachoma. Vaa miwani na glavu unapoyachanganya, na usichukue chokaa ya ujenzi kutoka duka la vifaa hata kama imeandikwa kuwa ni safi; tafuta ile ya daraja la chakula.

Pima saa ile ile kila siku kwa wiki ya kwanza, bila kuongeza chochote, ili ujue kwa hakika tangi lako linatumia kiasi gani kabla ya kuanza kulipa deni. Likiwa na vipande vitatu au vinne vichanga, huenda ukakuta kwamba kubadilisha maji lita 10 kwa wiki kunatosha, na chokaa ikasubiri hadi Montipora ianze kupanua ukingo wake mweupe.

Mzee_wa_Sola, Jinja, alijibu:

Nyongeza kwa hilo la kudondosha usiku: pampu ya kudondoshea usiiunge kwenye betri ya dharura. Umeme ukikatika, afadhali chokaa isiingie kabisa kuliko kuingia katika maji yasiyozunguka vizuri.